Leo umembeba mwanao mwenyewe?

Kwetu Tanga ukimwuliza mtu "hujambo?" atakwambia "sijambo" hata kama homa imemlaza. Ndiyo adabu tuliyolelewa nayo. Mgonjwa kwanza hushukuru, halafu ukikaa naye kidogo ndipo huleta ile "ila" yake. "Nzuri, ila usiku sikulala." "Salama, ila kichwa." Bibi yangu alikuwa akitufundisha kwamba heri hutangulia, shida ifuate nyuma. Mimi ni muuguzi mkunga, mwaka wa 14 huu, na miaka 9 kati ya hiyo nimekuwa wodi ya akina mama waliojifungua kwa upasuaji. Nikiulizwa ni jambo gani linaninyima usingizi katika kazi hii, nitasema ni ile "ila", kwa sababu raundi ya asubuhi haiisubiri.

Raundi yetu huanza saa 2. Daktari anasimama miguuni pa kitanda, anafungua faili: presha, mapigo ya moyo, joto, mkojo. "Mama, unaendeleaje?" "Naendelea vizuri, daktari." Faili linaandikwa hivyohivyo, anaendelea vizuri, na sote tunasogea kitanda cha pili. Nimewahi kuhesabu kwa saa ninayoibandika kifuani: kitanda kimoja dakika mbili, na siku wodi ikijaa hata moja haifiki. Mama yule hakudanganya. Amejibu salamu.

Hilo nililijua nikiwa mimi niliyelala. Mwaka 2017 nilijifungua mtoto wangu wa pili kwa upasuaji, hospitali nyingine, si hii ninayofanyia kazi. Mtoto alitanguliza makalio. Upasuaji ulikwenda salama na mtoto akalia mara moja. Usiku ganzi ya mgongo ilipokwisha, dawa ya maumivu ya saa 4 haikuja, na ya alfajiri haikuja. Sikuita. Nilijua zamu ya usiku ina wauguzi wawili na wodi imefurika, tena na mimi ni muuguzi, naona haya kulalamika mbele ya wenzangu. Asubuhi wakaja: "Sista, unaendeleaje?" Nikasema naendelea vizuri. Kesho yake wakauliza tena, nikajibu vilevile. Presha nzuri, joto halijafika hata 37. Kwa mujibu wa faili, nilikuwa nimeshapona.

Aliyenipima ni shangazi yangu, mtu aliyeishia darasa la 4. Alikuwa amekaa kwenye kiti cha plastiki kando ya kitanda, mtoto kamlaza mapajani ndani ya kanga. Mchana wa siku ile ya pili akainama akaniambia kwa sauti ya chini, "Mwanangu, tangu alfajiri mtoto akilia unamtazama tu. Hunyooshi mkono. Una nini?" Nikaanza kulia. Nilikuwa siwezi kujigeuza ubavu. Kila mtoto alipotaka kunyonya, shangazi ndiye aliyemleta kwenye titi, akamshikilia pale, akamwondoa. Mimi nilikuwa nimelala chali kama gogo, nimeuma meno, nasubiri amalize. Shangazi akaondoka moja kwa moja hadi meza ya wauguzi. Nilipopata sindano ya maumivu, na muuguzi mmoja mwenye roho nzuri akaniwekea mto chini ya kiwiko, nikampakata mwanangu kwa mara ya kwanza. Alikuwa na saa zaidi ya 50 duniani.

Shangazi hakuuliza naendeleaje. Alitazama mkono.

Sisemi presha na joto tuviache, hata kidogo. Utafiti uliofanyika katika nchi 22 za Afrika na kuchapishwa mwaka 2019 katika jarida la Lancet Global Health ulionyesha kwamba katika kila akina mama 1,000 waliofanyiwa upasuaji wa kujifungua, 5 hivi walifariki, na hiyo ni kama mara 50 ya vifo vya nchi tajiri. Karibu mmoja kati ya 6 alipata tatizo lililotokana na upasuaji, na kubwa zaidi lilikuwa kutoka damu nyingi. Na upasuaji wenyewe unaongezeka. Hapa Tanzania, takwimu za kitaifa za mwaka 2015-16 zilionyesha watoto 6 katika kila 100 wamezaliwa kwa upasuaji. Za mwaka 2022 zikasema 11. Kwa hiyo mama akitoka chumba cha upasuaji, saa zile za mwanzo mkono wangu uko juu ya tumbo lake napapasa kama mfuko wa uzazi umekaza, jicho liko kwenye pedi, na presha napima kila robo saa. Hapo natafuta kifo kisimsogelee. Sitaki mzaha na hilo.

Lakini damu hiyohiyo ndiyo iliyonifungua macho kuhusu kupima. Miaka yote tulikuwa tukikadiria damu ya mzazi kwa kuitazama. Mwaka 2023 yakatoka matokeo ya jaribio lililofanyika katika hospitali 80 za Kenya, Nigeria, Afrika Kusini na Tanzania, kwa waliojifungua kwa njia ya kawaida. Mama anatandikiwa mfuko wa plastiki wenye mistari ya vipimo, damu ikifika mstari fulani anapewa huduma zote kwa mkupuo, bila kungoja moja baada ya nyingine. Matukio ya hatari yalipungua kwa asilimia 60. Kilichonigusa zaidi ni hiki: kwenye hospitali zenye mfuko, waliotokwa na damu kupita kiasi waligunduliwa 93 katika kila 100. Kwenye hospitali zilizoendelea na utaratibu wa zamani waligunduliwa 51. Yaani macho ya wakunga, watu wenye uzoefu kama mimi, yalikuwa yakiona nusu. Nikajiuliza: na masikio yetu je, tukisikia "naendelea vizuri", yanasikia kiasi gani?

Mtoto tumempimia siku nyingi. Akizaliwa tu, hata hajafutwa vizuri, tunampa alama dakika ya kwanza na ya tano: mapigo ya moyo, pumzi, misuli, jinsi anavyoitika akiguswa, rangi ya mwili. Jumla 10. Alama hizo zilibuniwa na Virginia Apgar, daktari wa ganzi wa New York, na zilichapishwa mwaka 1953. Kila mkunga anazijua, hata mwanafunzi wa mwaka wa kwanza. Mama wa mtoto huyohuyo, amelala mita mbili tu kutoka hapo, tumbo limeshonwa tabaka kwa tabaka, yeye tunampa swali la salamu.

Kipimo cha mama ambacho nimekielewa na kukipenda kilichapishwa mwaka 2019, nacho kimetoka kwa madaktari wa ganzi, safari hii wa Uingereza. Kinaitwa ObsQoR-11. Ni maswali 11 anayoulizwa mama saa 24 baada ya upasuaji, kila swali lina alama 0 hadi 10, jumla 110. Toleo la baadaye liliunganisha maswali mawili ya maumivu kuwa moja, likawa maswali 10 na jumla 100. Yale ya mateso huhesabiwa kinyume, ili alama kubwa siku zote iwe ndiyo nafuu kubwa. Ukiyasoma unaona walikaa na wazazi kwanza. Maumivu yamo, kichefuchefu na kutapika vimo, kizunguzungu, kutetemeka. Kisha maswali yanageuka yanamtazama mama kama mtu mwenye kazi ya kufanya: unaweza kutembea bila kushikwa? Unaweza kumbeba mtoto bila msaada? Kumnyonyesha bila msaada? Kwenda chooni na kujisafisha mwenyewe?

Nilipofika swali la kumbeba mtoto niliweka simu chini. Lilikuwa swali la shangazi.

Niliomba ruhusa kwa muuguzi kiongozi wa wodi, nikaanza kuyauliza kwa Kiswahili katika zamu zangu, kama mazungumzo. Kipimo kikihamia lugha nyingine hupaswa kujaribiwa upya kwa watu wa lugha hiyo ndipo alama zake ziaminike. Mimi sifanyi utafiti, na namba zangu haziingii kwenye faili la mtu wala ripoti yoyote. Zinanisaidia mimi kujua niende kitanda kipi kwanza. Na wote nitakaowasimulia hapa nimewachanganya makusudi, asitambulike mtu.

Maswali mengi yalikubali Kiswahili bila shida. Lililonisumbua ni la mwisho, linalouliza kama mama anahisi mambo yako mikononi mwake. Nililigeuza kila namna. Niliposema "unatawala hali yako?" walinitazama kama nawauliza habari za serikali. Kisha siku moja bibi mmoja aliyekuja kumwona mjukuu wake aliniambia kuhusu bintiye, "Huyu bado hajajimudu." Basi, neno nikalipata. "Mama, unajiona unajimudu?" Hapo wananielewa wote, na wanafikiri kabla ya kujibu. Kufikiri huko ndiko ninakokutafuta.

Alama nazo zilikuwa na kisa chake. Mwanzoni niliwaambia wanionyeshe kwa vidole, 10 ikiwa nzuri kabisa. Wiki nzima sikupata alama inayozidi 5, hata kwa mama aliyekuwa akitembea wodi nzima anasalimia majirani. Nikashangaa. Siku ya saba nikamtazama mmoja vizuri: mkono wa kushoto una kanula, imebandikwa plasta, dripu inaning'inia. Anainua mkono wa kulia tu. Vidole vyake vyote ni vitano. Nikaacha vidole. Nikakusanya vifuniko 10 vya plastiki vya vichupa vya sindano, vile vidogo vya rangi ambavyo watoto wetu huchezea, nikavisafisha kwa spiriti, nikaviweka kwenye kikopo. Namwekea mama juu ya shuka, pembeni ya paja. "Hivi vyote 10 ni wewe ulivyokuwa kabla ya kulazwa. Nisogezee vile ulivyo navyo leo." Anasogeza kimoja kimoja kwa kidole. Akifika cha nne anasimama, anarudisha kimoja, ananitazama. Kile kimoja kinachorudi nyuma hutuanzishia mazungumzo ambayo raundi haijawahi kuyaanzisha.

Nimejifunza kutoitazama jumla sana. Jumla huficha. Mama anaweza kupata alama nzuri kila mahali, na mahali pamoja akakupa kifuniko kimoja. Kulikuwa na binti, mzaliwa wa kwanza ndiyo amempata, kila kitu kwake 8 na 9. Kwenye choo na kujisafisha akasogeza 1. Nikamwuliza kuna nini. Alichukua muda. Akasema choo kiko mbali, kuna ngazi mbili za kushuka pale mlangoni, na jana alipoteleza kidogo aliogopa mshono utaachia. Kwa hiyo ameamua asinywe maji, asiende. Tangu jana mchana amekunywa kikombe kimoja cha uji. Mdomo umekauka, na maziwa analalamika hayatoki! Presha yake kwenye faili ilikuwa haina tatizo. Tulimhamishia kitanda cha karibu na mlango, nikamwonyesha namna ya kushuka kitandani: geuka ubavu kwanza, kunja magoti, acha miguu ishuke ukingoni, halafu jisukume kwa kiwiko, usijivute kwa tumbo. Kwenye zile ngazi nilimshika mkono mara mbili, ya tatu akasema, "Sista, niache nijaribu." Jioni nilimkuta na chupa ya maji mkononi.

Wengine huogopa kicheko. Ukiwa na mshono, jirani akisema neno la kuchekesha unaumia mpaka machozi, na nimekuta wodi nzima imekubaliana kunyamaza kwa sababu ya mmoja. Hilo halimo katika maswali 11, lakini mimi huliuliza: ukikohoa au ukicheka, unafanyaje? Akiniambia anabana mto tumboni, najua amefundishwa na mtu. Akiniambia hakohoi, naanza kuwaza kifua chake.

Kuna kitanda ambacho kikopo changu hakiendi. Wodi zetu hazina chumba cha pembeni kwa mama aliyempoteza mtoto. Analala palepale, kushoto kwake mtoto analia, kulia kwake ndugu wamekuja na chupa ya chai na hongera. Zamu moja, nikiwa na haraka, nilianza maswali bila kufungua faili. Nilifika "unaweza kumbeba mtoto" ndipo dada yake akanigusa bega. Sitausahau uso wa yule mama. Alinijibu kwa adabu ileile yetu, "Sijambo, sista." Tangu siku hiyo nasoma faili lote kabla sijafungua mdomo. Kwake maswali ya maumivu, kizunguzungu, kutembea na kujimudu nayauliza polepole, nikiwa nimekaa chini usawa wa macho yake. Yale mawili ya mtoto siyagusi. Mahali pake namwuliza kuhusu maziwa, kwa sababu maziwa hushuka tu hata mtoto asipokuwapo, na matiti yakijaa hakuna anayekumbuka kumwambia ayafunge kwa kanga bila kukaza na akande kwa kitambaa cha maji baridi. Nao walio na watoto wao chumba cha wachanga, kwenye joto au oksijeni, "kumbeba bila msaada" kwao ni swali jingine kabisa. Hao nawauliza: leo umefika kule kumwona? Ulikwenda kwa miguu yako?

Jambo moja linanitia wasiwasi kuhusu vipimo hivi na nalisema wazi. Hospitali nyingi duniani sasa zina utaratibu wa kumharakishia mama nafuu: ale mapema, mpira wa mkojo utolewe mapema, atembee mapema, dawa ya maumivu aipate kwa saa bila kungoja aombe. Naunga mkono yote hayo, hasa hilo la mwisho; lingeniokoa mimi. Ila pale ambapo vitanda havitoshi, ni rahisi alama nzuri ikageuka kuwa ruhusa ya kumtoa mama kabla ya wakati. Vifuniko 9 vya saa 24 haviniambii kidonda kitakuwaje siku ya 8. Usaha mwingi huonekana mama akiwa ameshafika kwake.

Na nyumbani ndiko kuna arobaini. Mama yuko ndani, anapikiwa mtori na uji wa pilipili manga, analindwa. Ni mila nzuri, inampumzisha. Lakini ni humo humo mtu mzima anapokuja na maji ya moto na kitambaa kumkanda mzazi, na kidonda kinakandwa pamoja na tumbo. Sigombani na bibi. Namwambia, "Shikamoo bibi, nakuomba mkande mgongo na miguu, hapa mbele tuachie kwanza kidonda kifunge." Bibi akiheshimiwa anakuwa mlinzi wangu wa kwanza. Huko Rwanda, wilaya ya Kirehe, wahudumu wa afya ya jamii wamewahi kufanya kazi ya kuwatembelea akina mama majumbani siku kama ya 10 baada ya upasuaji, wakiwa na simu, wanauliza maswali machache na kupiga picha ya kidonda ili kiangaliwe na wataalamu. Natamani sana kitu cha namna hiyo kwetu. Shirika la Afya Duniani mwaka 2022 lilishauri mama aonwe tena kati ya siku ya 7 na ya 14, na kwa aliyepasuliwa naona hizo ndizo siku za kutega sikio.

Kwa sasa nina simu yangu na muda wa maongezi ninaonunua mwenyewe. Wanaokubali kuniachia namba nawapigia siku ya 8.

Wiki iliyopita nilimpigia mmoja, nyumba iko nje kidogo ya mji. Akapokea mama mkwe.

"Shikamoo mama, ni sista wa hospitali. Mzazi wetu hajambo?"

"Marahaba mwanangu. Hajambo kabisa, anaendelea vizuri."

"Namshukuru Mungu. Naomba nimsikie kidogo mwenyewe."

Nikasikia simu inapita mkono kwa mkono, mlango unafunguliwa, kuku.

"Mama, leo umembeba mwanao mwenyewe?"

Kimya kidogo. "Nilimbeba mpaka juzi, sista. Jana na leo nikimwinua naona panavuta upande mmoja, chini kulia, na pana joto. Nimemwambia mama ni uchovu."

"Kanga yako ina unyevu pale mbele?"

"Kidogo. Nilidhani ni maziwa."

Nikamwomba anirudishie mama mkwe. Saa 7 mchana walikuwa wamekaa kwenye benchi letu, mama mkwe kamshika mtoto, mzazi ameshikilia tumbo. Daktari alipofunua bandeji, kulikuwa na uwazi mdogo, upana wa ncha ya kidole, ukitoa majimaji ya njano. Joto 37.4. Kilisafishwa, akaanzishiwa dawa, na akarudi kulala kwake siku hiyohiyo. Kesho kutwa anakuja kubadilishwa bandeji, na kikopo changu kiko tayari mezani.